Pedali ya breki inazama uwanjani, barabarani haina tatizo

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina gari dogo la michezo aina ya MGB la mwaka 1970, rimu za spoku, barabarani haijawahi kunisumbua. Klabu yetu imekodi uwanja wa mbio kwa wikendi nzima. Safari iliyopita, baada ya mizunguko mitano pedali ya breki ililegea ikakaribia kugusa sakafu. Nikapumzika nusu saa, ikarudi ngumu kama kawaida. Mwenzangu ananishauri nifunge diski kubwa. Nifunge?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Diski ziache kwanza. Ingekuwa pedali imebaki ngumu lakini gari halisimami, ningesema pedi zimezidiwa na joto. Yako ilizama, kisha ikarudi. Hapo mafuta ya breki yalichemka.

Mafuta hayo hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. Barabarani hufiki huko. Uwanjani unakanyaga breki kwa nguvu kona baada ya kona, diski haipati muda wa kupoa, na joto linapenya kwenye pedi hadi kwenye pistoni. Mafuta yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Gari likipoa mvuke unatoweka, nawe unadhani limepona. Halijapona.

Kwa hiyo mwaga mafuta yote ya zamani, weka DOT 4 au DOT 5.1 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, na utoe hewa iliyonaswa kwenye breki za magurudumu yote manne. Usichanganye na DOT 5: hiyo ni ya silikoni, ni kitu kingine kabisa licha ya jina kufanana. Badilisha na mipira ya breki, ile hozi inayopitisha mafuta hadi gurudumuni. Niliwahi kupasua mmoja uliokuwa unang'aa kwa nje. Ndani ulikuwa umevimba, tundu limebaki dogo kiasi cha sindano. Mpira wa namna hiyo hupitisha mafuta ukikanyaga, halafu huchelewa kuyaachia, breki ikaendelea kushika na kupasha joto.

Tairi nazo zinanitia wasiwasi. Tazama tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi (hii si DOT ya mafuta ya breki): 0812 maana yake wiki ya 8 ya mwaka 2012. Tairi la umri huo, hata kama kashata zake bado nene, usiende nalo uwanjani. Kisha gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu; ukikuta kadhaa butu, rimu iende kwa fundi wa spoku.

Oili ijaze hadi alama ya juu ya stiki, isizidi. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, hivyo geji ya presha ikianguka, toa mguu kwenye pedali ya mwendo mara moja.

Ukiwa huko, mzunguko wa mwisho wa kila zamu endesha polepole bila kugusa breki, zipoe kwa upepo. Ukiegesha usivute handbreki zikiwa na moto. Tia gia, weka kabari. Na Jumapili jioni, kabla ya kushika barabara kurudi nyumbani, kagua tena nati za katikati za magurudumu yote manne.