Tangi kubwa la mimea: panda kwanza, kisha weka kundi moja la samaki wadogo

Mkuu, umesema tangi lako la samaki lina urefu wa sentimita 150, upana 50 na kina 55, na unataka aina nne za samaki wadogo, neoni 10, kadinali 10, rasbora 10 na tetra pua-nyekundu 10, pamoja na mimea michache ya kupendezesha. Nimefuga samaki wadogo kwenye tangi la ukubwa huo kwa miaka mingi, na ningeugeuza mpango huo wote. Mimea iwe mingi tangu siku ya kwanza, na samaki wawe aina moja.

Suala la uzito nitalipitia haraka. Hapo kuna lita 400 na ushei, na kila lita ni kilo moja. Ukiongeza kioo, mawe na udongo umevuka nusu tani. Tafuta stendi imara, uipime kwa pimamaji kabla ya kujaza, maana likishajaa halisogezwi.

Sasa mimea, na hapa ndipo usiharakishe. Mwanga mkali kwenye tangi lenye mimea michache unalisha mwani, basi. Jaza sehemu kubwa ya sakafu kwa mimea inayokua upesi, kama valisneria na higrofila, hata ile usiyoipenda sana, kwa sababu ndiyo itakayofyonza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki na vitu vinavyooza, wakati bakteria wa kuisafisha bado hawajakomaa. Utaipunguza baadaye. Mimea ya kriptokorini inaweza kuyeyusha majani yote baada ya kupandwa. Usiing'oe, mizizi ikiwa hai majani mapya yatachipua yakiwa yamezoea maji yako. Anubia na kangaga la Java usiyazike shina linalotambaa, litaoza. Yafunge kwa uzi kwenye gogo au jiwe. Taa ianze na saa sita kwa siku, ikiendeshwa na swichi ya saa, na uongeze saa hizo mimea ikishashika. Kwa mimea hiyo huhitaji mtungi wa kaboni dayoksaidi.

Kabla ya samaki kuingia, bakteria lazima wawe wanabadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, lakini usiamini kalenda, amini vipimo: amonia sifuri, nitriti sifuri, na zibaki hivyo. Mimi huliacha tangi la mimea likue hata zaidi ya hapo. Samaki wakiingia penye vichaka tayari, wanatulia upesi na rangi zao zinatoka.

Kuhusu aina za samaki: kumi kumi wa aina nne hawatakupa kundi, watakupa vikundi vinne vilivyotawanyika. Samaki 50 wa aina moja kwenye urefu wa mita moja na nusu ni kitu kingine kabisa. Tena mahitaji yao hayafanani. Neoni hupenda maji ya nyuzi 21 hadi 25 hivi, kadinali anastawi kwenye joto zaidi. (Ukitaka kuwatofautisha, wekundu wa kadinali unaenda mwili mzima, wa neoni unaanzia katikati kuelekea mkiani.) Na ujue kwamba samaki hubanana zaidi wanapohofu. Neoni waliotulia hutawanyika kwenye mimea, na hiyo ni dalili njema. Kama unachotaka ni kundi linalogeuka kwa pamoja, chukua tetra pua-nyekundu, ndiye anayeshikamana hata akiwa na amani. Kisha ule wekundu wa kichwani hupauka maji yakiharibika au akisumbuliwa, kwa hiyo anakuonya mapema. Kwa tangi lako mimi ningemchagua yeye. Acha mbele pawe wazi, mimea mirefu ikae nyuma na pembeni, ili wapate njia ya kuogelea.

Walete kwa mafungu mawili au matatu, wiki kadhaa katikati, na kila fungu likae kwanza kwenye tangi la pembeni uwaangalie kama wana ugonjwa. Badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha yakae usiku hakutoshi kama yametiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), hiyo haitoki kirahisi.

Kwa mwani utakaobaki, ongeza kamba wa Amano, wale waliopata umaarufu kupitia Takashi Amano, mbunifu wa matangi ya mimea wa Japani. Hawatajaza tangi, kwani viluwiluwi vyao vinahitaji maji ya chumvi ili vikue.

Na wale samaki malaika uliouliza mwishoni, hapana. Wakiwa wadogo watakaa vizuri na kila mtu, wakikomaa watakula tetra wanaoenea mdomoni.