Kabla hamjamkatia tiketi ya Kondoa

Ndugu yangu, umeuliza kama kikundi chenu kimchangie nauli kijana anayelala Soko la Majengo arudi kwao Kondoa. Msimkatie tiketi kabla hajawaambia kwa nini aliondoka. Wengine wamekimbia kipigo, na ukimrudisha unamrudisha kwenye kipigo hicho hicho.

Nendeni naye kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Kama hajafika miaka 18, pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kama ni mtu mzima, hela hiyo ilipeni kodi ya chumba na mumtafutie fundi wa kumfundisha kazi. Msaidieni pia kupata kitambulisho cha taifa (NIDA). Baadaye akijiunga na kikundi cha vijana wenzake, wataweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba. Vijana wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri.