Barua kwa mwanangu: mjukuu wangu na timu B

Mwanangu,

Ujumbe wako niliupata, na kimya changu si hasira. Umeniuliza kama umhamishe mjukuu wangu kwenye kituo hicho cha soka hapo Arusha, kwa kuwa kocha amemshusha timu B na ada unalipa ileile ya timu A. Unasema yeye ni wa Novemba, wenzake wengi ni wa Januari na Februari mwaka huohuo, wanamzidi kifua.

Hapo kwenye kifua ndipo uliponigusa. Ulikuwa mdogo, ila ule mchujo wa kaka yako pale Mbagala hujausahau. Watoto walipangwa mstari juani tangu asubuhi. Yule mwalimu akapita akiwashika mabega: wewe huku, wewe kule. Mipira yote ilikuwa bado imefungwa kwenye wavu. Kaka yako, ambaye watu waliacha biashara zao kumtazama akicheza chandimu, mpira wa mtaani, aliambiwa arudi mwakani akishakula ugali. Aliyepewa namba yake alikuwa na alama za wembe kidevuni, nilimwona kwa macho yangu. Enzi hizo ndivyo ilivyokuwa. Si hata Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za 2005, wakaenguliwa kwa ajili ya umri wa mchezaji? Watu wazima wanataka ushindi leo, mtoto ndiye anayeumia.

Mwakani hakurudi. Na leo unamwona, amerefuka mpaka anainama kuingia mlangoni kwangu.

Mimi nasema siku zote: mtoto wa mpira hukuzwa na dakika za uwanjani, si na jezi. Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu wa Taifa Stars, wa Mbagala hiyohiyo, amezaliwa tarehe 23 Desemba 1992. Wa Desemba! Katika rika lake karibu wote walimtangulia kuzaliwa. Mazembe ya Kongo walimchukua 2011, Genk ya Ubelgiji akafika Januari 2016, ana miaka 23. Sasa mtoto wa miaka kumi na mbili anahukumiwa nini?

Haya, si kila mtoto ni Samatta, najua. Na huyo kocha wenu si yule wa kwetu. Huenda ameona mjukuu wangu akibanwa na wakubwa anapoteza mpira, akaona bora acheze dakika zote B kuliko kusugua benchi A. Kama ndivyo, amemtendea wema. Lakini huenda pia timu B ipo ili ada ziingie tu, mwalimu wake anakuja akipenda, na hakuna anayepandishwa. Nikiwaza hilo namwona yule mwalimu na mipira yake kwenye wavu, na damu inanichemka upya.

Ulimi unaniwasha, ila sitakuamulia. Wewe ndiye baba yake, na mechi huzioni kwa simu kama mimi. Jumamosi kaa mpaka kipenga cha mwisho. Angalia amecheza dakika ngapi, namba gani, na akikosea kocha anamtoa au anamwelekeza. Muulize pia kocha, kwa adabu, ni mtoto gani wa B aliyepanda A mwaka huu. Akikosa hata mmoja wa kumtaja, hapo nitasema langu lote.

Dakika, baba, si jezi. Nipigie usiku huohuo, nitakuwa macho.

Mama yako