Dereva mpya wa lori anaweza kukataa safari za usiku?

SWALI: Mimi ni kijana wa Tanga na nimepata leseni ya kuendesha magari makubwa mwaka huu. Kampuni moja ya usafirishaji ya Dar es Salaam iko tayari kuniajiri niendeshe semi-tela kwenda Tunduma, lakini ofisini nimeambiwa kwamba dereva mgeni hachagui safari na kwamba nitatembea usiku. Barabara ile siijui, na kulala mchana sijazoea. Je, sheria inaniruhusu kukataa kazi ya usiku? Nikikataa baada ya kuajiriwa, wanaweza kunifukuza?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia saini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kila mfanyakazi haki ya kukataa kazi ya usiku. Usiku, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na wanaokingwa ni wachache, kama vile mjamzito aliyekaribia kujifungua, mama aliyejifungua karibuni, na mtu ambaye imethibitishwa kitabibu kwamba hawezi kufanya kazi saa hizo. Ugeni kazini hautajwi. Tena, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake, kwa hiyo kuipokea kazi huku umenuia kuja kukataa safari baadaye ni kujiweka pabaya.

Hata hivyo, kufanya kazi usiku ni jambo moja, na kuendesha gari ukiwa umechoka ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili sheria hailiruhusu. Mfanyakazi hatakiwi kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, saa za ziada zikiwamo. Akifanya kazi saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena anastahili saa 12 za kupumzika, ambazo hupunguzwa hadi 8 kwa masharti maalumu na makubaliano ya maandishi tu. Kwa kila saa ya usiku anatakiwa kulipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Madereva wengi wanaijua posho ya safari, lakini haya hawajapata kuelezwa, na posho inayolipwa kwa safari ndiyo inayowafanya wapite sheli baada ya sheli bila kusimama, kwa kuwa anayewahi kurudi ndiye anayewahi kupakia tena.

Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa kuamua na kutenda kama mtu aliyekwisha kunywa pombe, na kati ya saa 8 usiku na alfajiri mwili hudai usingizi kwa nguvu zaidi. Dereva huanza kwa kupiga miayo, kisha gari linagusa ukingo wa lami, kisha anagundua kwamba hakumbuki kilomita chache alizotoka kuzipita. Akifika hapo, kahawa na muziki havitamwokoa. Asimame mahali salama alale. Na barabara unayoiendea haisamehi. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi wanyama huvuka gizani, mteremko wa Kitonga unahitaji gia ya chini na breki zilizopoa, na popote pale unaweza kukuta lori lililoharibika bila taa wala pembetatu za kuakisi mwanga, alama pekee ikiwa ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Matawi hayo hayaakisi mwanga. Unayaona ukiwa umeshayafikia, na kama una tani 30 nyuma yako, umechelewa.

Kwa sababu hiyo naona ofisi inayomtupa dereva mgeni peke yake kwenye njia hiyo usiku inakosea, hata kama haijavunja kifungu chochote. Waombe safari za mwanzo uende na dereva mzoefu, ushike usukani mchana, naye akuoneshe mizani, miteremko na maegesho yenye ulinzi. Waulize pia swali hili, tena mbele ya msimamizi wa safari: dereva akipiga simu saa 9 usiku kusema amesimama kulala, hukatwa posho? Watakavyojibu ndivyo utakavyoijua kampuni. Wakikubali, saa za kazi na za mapumziko ziandikwe kwenye mkataba, maana sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya saa za kazi kwa maandishi.

Wakikataa, zipo kazi za lori ambazo kwa kawaida ni za mchana: kusambaza soda au saruji madukani, kubeba mchanga na kokoto, kupeleka maji kwenye maeneo ya ujenzi. Malipo yake mara nyingi ni madogo kuliko ya safari ndefu, nawe hutaepuka kabisa kuamka alfajiri. Kontena za bandarini usizihesabu humo, kwa kuwa bandari ya Dar es Salaam hufanya kazi usiku na mchana. Mimi ningekushauri uchukue kazi ya mchana kwa mwaka wa kwanza, ulizoee gari lenye mzigo, kisha urudi kuomba njia ya Tunduma ukiwa na uzoefu wa kuweka mezani.