Jibu: Alfa haikutegemea mwiba peke yake
Ndugu, umeuliza kama mabadiliko ya protini ya mwiba, ile ambayo virusi hutumia kuingia kwenye seli, ndiyo pekee yaliyoipa nguvu Alfa, aina mojawapo ya virusi vya korona vya UVIKO-19. Hapana. Seli ikihisi virusi hutoa interferoni, zinazozionya seli jirani zijihami kabla kingamwili hazijatengenezwa. Alfa, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 2020, ilizalisha kwa wingi zaidi protini ya Orf9b, ambayo hung'ang'ania TOM70, protini ya seli iliyo kwenye mitokondria (vinu vya nishati vya seli), na kuzima king'ora hicho cha interferoni mapema. Orf6, protini nyingine ya virusi hivyo, nayo huziba njia ya ishara kuingia kwenye kiini cha seli. Mwiba ulisemwa zaidi, nadhani, kwa sababu chanjo nyingi zililenga huko. Halafu wapo watu ambao kingamwili zao hushambulia interferoni zao wenyewe. Hao wako hatarini zaidi kuugua vibaya, iwe Alfa au aina nyingine.