Muulize Shangazi: Bosi ananihamishia Arusha, na stoo imeletewa kompyuta

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 46, ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, huu mwaka wa 15. Bosi amefungua duka kubwa zaidi Arusha, upande wa Kilombero, na anataka nikasimamie stoo ya huko kuanzia mwezi ujao. Hapohapo leja zetu zinaondolewa, kila kitu kinaingia kwenye kompyuta. Ameletwa kijana wa kunifundisha. Kijana mwenyewe ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, na juzi kijana huyo alinisahihisha mbele ya wapakiaji. Mama yangu yuko Kibosho, ana presha, na kliniki nampeleka mimi. Kaka yuko Dar, hutuma hela. Usiku silali. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye mkoba. Niipeleke?
Mtunza Stoo, Moshi

Marahaba mwanangu. Iache humo humo mkobani, au bora uichane.

Nianze na hela. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri akimwachisha kazi mtu aliyemtumikia mwaka mmoja au zaidi, bila kosa la nidhamu, anadaiwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kwako wewe hiyo ni siku 70. Ukiacha mwenyewe, hesabu hiyo haikuhusu. Na kama bosi atapunguza watu, ukakataa bila sababu ya maana kazi nyingine anayokupa, unaweza kuikosa vilevile. Kwa hiyo usiseme ndiyo wala hapana. Omba barua: cheo gani, mshahara gani, nani analipa gari la kuhamisha vyombo na kodi ya mwanzo. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri anapobadilisha masharti yako ya kazi ashauriane nawe na akupe mabadiliko kwa maandishi. "Tutaelewana tu" si barua. Nimekaa ofisi ya utumishi mpaka nikastaafu, na sijaona "tutaelewana" ikimlipa mwenye nyumba.

Sasa kijana. Kompyuta umeitaja mara moja, kijana mara tatu, kwa hiyo najua pa kukuna. Kusahihishwa mbele ya watu unaowaamuru kunauma, na una haki ya kuumia. Mwite pembeni umwambie, "Mwanangu, nikikosea niambie tukiwa wawili." Vijana wengi huelewa wakiambiwa. Wakinuniwa hawaelewi, wanadhani una homa.

Kisha kaa naye siku ya kuingiza mzigo wa kuanzia kwenye kompyuta. Usikubali kazi hiyo ifanyike wewe umetumwa benki, maana ndipo hesabu nyingi za stoo huharibikia. Chukua nondo za milimita 12: mnanunua kwa tani, mnauza kwa kipande. Tani moja, kipande kikiwa mita 12, ni vipande kama 94. Kijana akiandika "1" kwenye manunuzi, dukani vikauzwa vipande 20, kompyuta itasema stoo inadaiwa nondo 19, na atakayeitwa ofisini ni wewe. Misumari ndiyo hivyohivyo, inaingia kwa katoni inatoka kwa kilo. Na kitu kimoja kikiandikwa kwa majina mawili, leo "msumari inchi 4" kesho "misumari 4", mashine inahesabu vitu viwili, kimoja kimejaa kingine kimepungua. Yeye hayajui haya, wewe unayajua ukiwa usingizini. Andikeni pamoja orodha ya majina na vipimo kabla hajabonyeza chochote. Hapo mtakuwa mnafundishana.

Leja isiondolewe siku hiyohiyo. Mwombe bosi iende sambamba na kompyuta walau mwezi mmoja kamili, kila jioni mlinganishe bidhaa chache zinazotoka sana. Zikipishana mtajua leo, si wakati wa kufunga mwaka. Na kabla hujaondoka Moshi, stoo ihesabiwe kwa mikono, wewe, anayekupokea na mtu wa bosi, wote msaini, nakala ibaki kwako. Arusha usipokee funguo mpaka mfanye vilevile. Nimeona watu wakidaiwa ndoo za rangi zilizopotea wao wakiwa wameshahama.

Kwenda na kurudi kila siku, usijidanganye. Ni kilomita kama 80, na kosta inasimama Boma, Kikatiti, Usa, na siku ya soko la Tengeru ndiyo usiseme. Wiki za mwanzo utaweza, baadaye utachoka kisha useme kompyuta ndiyo mbaya. Omba chumba cha miezi mitatu, beba godoro, jiko na sufuria mbili. Nyumba ya Moshi usiiachie kwanza. Vikoba baki kwenye kikundi chako, hisa utatuma kwa simu, na Jumapili ukiweza rudi usali kanisa lako. Ukibadilisha kazi, nyumba, kanisa na marafiki ndani ya mwezi mmoja, hutajua ni kipi kinachokukosesha usingizi.

Kuhusu mama, hela ya Dar haimpandishi kwenye gari la kliniki. Mwambie kaka hivyohivyo. Tarehe inayofuata ipo kwenye kadi yake, ipige picha, watumie ndugu wote, na kila zamu iandikwe jina la mtu. Zamu zako mtajie bosi sasa, kabla hujaripoti, maana sasa ndiyo anakuhitaji.

Shangazi, mume wangu amestaafu ualimu. Sasa siku nzima yuko jikoni, anafunua sufuria, anauliza kwa nini vitunguu vitatu. Jana kapanga makopo yangu kwa alfabeti. Nifanyeje?
Mke wa Mwalimu, Sakina, Arusha

Pole, ila nimecheka. Mwalimu amenyang'anywa ratiba na wanafunzi kwa siku moja, basi darasa limekuwa wewe. Mpe kitu kiwe chake peke yake, kuanzia hela ya kununulia mpaka hasara: kuku, bustani ya nyuma, au LUKU na maji. Jikoni atoke. Lakini mara moja kwa wiki kaeni na daftari mpange matumizi, kwa sababu mshahara umekatika kwenu nyote, na huenda maswali ya vitunguu yanatokea huko. Akianza kusema mafao yote yanunue bodaboda, niandikie upesi, kabla hajalipa.