Kubadili kulanti ya lori: pima kinachotoka

Fundi mgeni akishafika chini ya lori hufungua koki, kulanti ya zamani (kimiminika cha kupoza injini) ikamwagika mchangani. Weka ndoo zenye alama za lita. Malori mengi makubwa hubeba lita 35 hadi 50, na kiasi kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Usipojua zimetoka ngapi, hutajua kama ulizojaza zimetosha au kuna upepo umebaki ndani. Tena kulanti ni sumu yenye utamu: mbwa wa gereji akiilamba, humwoni tena.

Injini ipoe kwanza, mpaka uweze kuishika hosi ya juu ya rejeta (kipozea maji cha mbele ya injini) bila kuondoa mkono. Mfuniko wa kujazia kulanti hubana mgandamizo wa karibu ba 1, na ukiwa mzima maji ya ndani ya mfumo hayachemki mpaka kwenye digrii 120 hivi. Ukiufungua injini ikiwa ya moto, mgandamizo unaisha mara moja na yote yanakuchemkia usoni.

Weka vigingi kwenye matairi, fungua hita ya kebini hadi mwisho, halafu fungulia chini ya rejeta na pia kwenye bloku (mwili wa injini). Koki ya bloku huwa imejificha na imeshika kutu, ndiyo maana wengi huiruka, na tope hubaki humo humo. Suuza kwa maji safi: jaza, washa hadi themostati ifunguke (ni vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta; nyingi hufunguka kati ya digrii 80 na 90), zima, subiri ipoe, fungulia tena. Rudia mpaka maji yatoke meupe.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme mfumo ni wa lita 40 na unataka kulanti na maji nusu kwa nusu. Baada ya kusuuza, lita 8 za maji zimeng'ang'ania ndani, nafasi iliyopo ni lita 32. Ukijaza iliyochanganywa tayari, unapata lita 16 tu za kulanti ndani ya 40, yaani asilimia 40. Kwa hiyo tia kwanza lita 20 za kulanti isiyochanganywa, kisha malizia na lita 12 za maji yaliyotoneshwa. Maji ya bomba au kisima yana chokaa na chumvi. Ukinunua "maji ya betri", soma chupa vizuri isije ikawa asidi.

Utasikia kwamba huku kwetu hakuna barafu, maji matupu yanatosha. Barafu siyo hoja. Kwenye injini nyingi za dizeli kubwa laina (mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimezungukwa na maji moja kwa moja. Pistoni ikiipiga laina, laina hutetemeka, viputo vidogo huzaliwa na kupasuka juu ya chuma na kukitoboa polepole. Dawa iliyomo kwenye kulanti hutandaza utando wa kukikinga. Bila hiyo, siku moja utachomoa dipstiki ukute oili imekuwa chai ya maziwa.

Rangi isikudanganye. Nyekundu ya kampuni moja si lazima iwe sawa na nyekundu ya nyingine. Linganisha namba ya kiwango kwenye dumu na ile ya kitabu.

Jaza polepole huku umelegeza skrubu za kutolea upepo, uzifunge kimiminika kikitoka bila mapovu. Washa injini, iache ipate moto. Hosi ya juu ikiwa ya moto na ya chini baridi, au hita ikipuliza baridi, kuna upepo, au themostati imekwama. Usiitoe themostati ukatupa, hata kama dereva atakuambia ndiyo dawa ya mlima Kitonga: kwenye injini nyingi, ikikosekana, njia ya mkato hubaki wazi, maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linazidi kuchemsha.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia kiwango na uongeze. Mapovu yakiendelea kwenye tanki la akiba, usikimbilie kushusha silinda hedi (kichwa cha injini) ukidhani gasketi yake imekufa. Kompresa ya breki za upepo nayo hupozwa na maji haya haya. Gari likiwa na vigingi, legeza bomba linalotoa upepo kwenye kompresa, kisha washa injini. Mapovu yakikoma, gasketi iliyokufa ni ya kompresa.